Tiketi ya Watu Watano

Jumamosi, 18 Mei

Haya, umekumbuka! Umepotea tangu majani yalipokuwa yanadondoka, miti imekaa uchi, imechanua, imemaliza, ndiyo leo unafungua droo ya bibi yako. Maana najua utaifungua. Tangu mtoto ulikuwa unasoma vya watu. Usinisingizie kazi. Lindau si mwezini. Ni treni moja tu kutoka hapa Munich, na una magoti mapya. Ningekuwa na magoti hayo ningekuja kukugombeza mlangoni kwako kila Jumatatu.

Nakuandikia wewe, Sevil, mjukuu wangu, kwa sababu herufi hizi ulinifundisha wewe. Ulikuwa darasa la kwanza, mimi bibi mzima, tumekaa meza ya jikoni, unanichapa vidole kwa rula. Sina shule nyingine. Ukiona makosa, ni ya mwalimu.

Leo tumekwenda Passau kuona mito mitatu inavyokutana. Mizuri. Baba yako hakutazama hata mmoja.

Unakumbuka Jumamosi zetu. Tiketi moja ya watu watano, jimbo zima, mradi upande treni za polepole. Babu yako, mimi, baba yako Rüstem, mama yako Gülten, na wewe dirishani. Majumba ya wafalme, makanisa, maziwa. Babu alilala tangu Munich hadi mwisho wa reli, akiamka anasema mandhari ilikuwa nzuri sana. Sasa babu yuko makaburini, wewe uko Lindau. Tumebaki watatu. Baba yako anataka kukata tiketi ya watatu. Nimekataa. Ya watano! Akasema mama, tunalipia hewa. Nikamwambia hewa hiyo ndiyo iliyokuzaa wewe, uilipie na uiheshimu.

Na wewe pia nimekukasirikia, nasema wazi. Umeolewa bila kuombwa! Hakuna mzee aliyekuja na maua na sanduku la chokoleti, kama ilivyo kwetu Waturuki. Hakuna kahawa. Hakuna aliyekaa sebuleni akasema kwa amri ya Mungu tunamtaka binti yenu. Mlikwenda ofisini, mkatia sahihi, mkatuma picha. Kwa simu! Baba yako akaiangalia, akailaza simu kifudifudi, akateremka kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Tangu siku hiyo hajatamka jina lako. Anasema mguu wako hautavuka kizingiti chake mpaka aje mtu kukuomba kama mabinti wa watu wanavyoombwa. Nawe unasema umeshaolewa, huombwi tena, na mlango uliofungwa huugongi. Vichwa vyenu vimetoka tanuri moja. Siku ya mwisho uliyotoka hapa nilikumwagia maji nyuma yako ngazini, ili urudi salama. Nilimwaga peke yangu. Baba yako alibaki ndani. Kwenye mazishi ya babu mlisimama kila mtu upande wake wa kaburi, kama abiria wawili wanaongoja treni tofauti.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Idi ya Kuchinja ni mwezi ujao. Nataka asubuhi hiyo mkono wangu muubusu nyote wawili, chumba kimoja. Sitaki kingine duniani.

Na leo, karibu na Passau, nimepata akili. Baba yako hataki uvuke mlango wake. Wewe hutaki kugonga. Vizuri. Treni si mlango wa mtu!


Jumanne, 21 Mei

Mpango uko tayari. Mzuri mpaka najiogopa.

Treni inayokuja kwako ni mbili zilizoshikana. Zinakwenda pamoja hadi Immenstadt, hapo zinakatwa kama mkate. Nusu inakwenda kwako ziwani, nusu inapanda milimani Oberstdorf. Kila nyumba ya Munich ina mtu aliyewahi kukaa nusu isiyo yake. Basi nitamwambia baba yako tunakwenda milimani. Nitamkalisha nusu ya ziwani. Atakapoamka, Lindau! Binti yake kituoni! Atakwenda wapi? Mbele yake maji.

Nimekupigia simu. Ukasema bibi, huko ni kuteka mtu. Nikasema ni utalii.

Pakize wa ghorofa ya chini amesikia tunasafiri. Mwanamke wa Bahari Nyeusi, ananusa safari za wenzake kama paka anavyonusa samaki. Anasema tuna nafasi mbili tupu, yeye ni mjane, yuko bure. Nikamwambia zimejaa. Akauliza zimejazwa na nani. Nikasema na watu. Akasema watu gani hao wasioonekana, dada Sati, na borek, ule mkate wa jibini, nitaleta mimi, maana ya kwako ya mara ya mwisho ilikuwa ngumu. Ngumu! Nimefunga mlango taratibu, kwa adabu, nikaupiga teke kwa ndani.


Jumamosi, 25 Mei

Mambo yameharibika. Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto.

Tulikaa vizuri. Baba yako akauliza kama tuko nusu sahihi. Nikaapa kwa magoti yangu. Kwa Mungu nisingethubutu, lakini magoti yangu hayana thamani tena. Akatulia. Nje ng'ombe, vilima, makanisa yenye vichwa kama vitunguu. Mama yako anamenya mayai. Nikaanza kufurahi, na hilo lilikuwa kosa.

Karibu na Immenstadt ile sauti ya kwenye dari ikaanza kutangaza: abiria wa milimani wahamie nusu nyingine. Nikakohoa. Nikakohoa juu ya Kijerumani chote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Sikujua kama watarudia kwa Kiingereza. Pumzi ikaniishia katikati.

Baba yako akaruka. Akamshika mama yako mkono, wakateremka mbio, ananiita mama njoo, mama haraka! Mimi nakusanya sufuria. Huwezi kuziacha sarma, wali ulioviringisha kwenye majani ya mzabibu jani moja moja. Nilipofika mlangoni, mlango umefungwa. Baba yako nje anagonga kioo. Nikampungia mkono. Ningefanya nini?

Tiketi iko mfukoni mwake. Akaja mkaguzi, mwanamume mpana, masharubu kama ufagio. Akaomba tiketi. Nikamwambia tiketi imekwenda milimani. Akanitazama. Nikamkatia borek. Akasema yuko kazini. Nikamwambia hata kazini watu hula. Akala amesimama. Akala nyingine. Anaitwa Alois. Mkewe alifariki, chakula cha jioni anakula mkate mkavu mbele ya televisheni. Nikamfungia sarma kwenye karatasi.

Alois akasema naweza kuendelea hadi Lindau, hataniandikia kosa. Sevil, nilikaribia kusema ndiyo. Ulikuwa unaningoja huko, wewe na mumeo. Ningekushika uso wako. Lakini nikija peke yangu nitakuwa nimechagua upande. Sijachagua. Nikateremka kituo kilichofuata, nikakaa kwenye benchi na sufuria zangu mpaka ilipokuja treni ya kurudi. Nililia kidogo. Upepo wa huko ni mkali.

Immenstadt baba yako na mama yako wakapanda, tukarudi Munich pamoja. Karibu na nyumbani baba yako akaniuliza kikohozi kile kimekwenda wapi.


Alhamisi, 30 Mei

Sikukuu yao, maduka yamefungwa. Nimekaa nikawaza. Kosa lilikuwa moja tu: nilitaka kumpeleka baba yako kwako. Sasa wewe utapelekwa kwake. Jumamosi mtapanda Immenstadt, wewe na mumeo Korbinian, nusu ya milimani, behewa la kwanza. Na maua. Na chokoleti. Atakuomba palepale kwenye kiti!

Ukakataa. Ukasema huna cha kuombewa. Nikakusikia unavyopumua kwa hasira, sawasawa na baba yako. Halafu mumeo akachukua simu. Kituruki chake ni kama mtu anatafuna misumari, lakini alisema, "Bibi, nakuja." Seremala huyo, nimempenda. Nikamwambia alete mtu mzima wa kumsemea, maana kijana hajiombei mwenyewe. Akasema hana. Baba hana, mama hana, mjomba hana, alilelewa kwenye nyumba ya watoto.

Sevil! Ulimwambia baba yako hilo? Hukumwambia. Miezi yote hii mtu anadhani amedharauliwa, kumbe hakukuwa na wa kutumwa! Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio mpaka lifike Austria.

Nilipoweka simu chini, Pakize yuko mlangoni na sahani. Amesikia neno Jumamosi. Anauliza treni ya saa ngapi. Na mdomo ule, ungejua, jambo likiingia jioni baba yako analipata asubuhi pamoja na chai. Nikamwambia hakuna treni. Naumwa.


Jumamosi, 1 Juni

Aibu.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Pakize anaamini naumwa, anabaki kwake, sisi tunaondoka kimyakimya. Alfajiri nimeshavaa koti na viatu. Kengele! Pakize na sufuria ya supu. Nikarukia kitandani, nikavuta blanketi hadi kidevuni. Baba yako akatoka chumbani, akaniona ninavyotoka jasho ndani ya koti, akaogopa kweli. Safari imefutwa. Akakaa kando ya kitanda ameshika kidole changu kama alipokuwa mdogo. Nikatamani ardhi inimeze na supu ya Pakize.

Supu ilikuwa nzuri. Ina mnanaa. Kuliko yangu. Nimeandika, sitarudia.

Nanyi mko Immenstadt mmesimama juani, chokoleti inayeyuka. Ulipiga simu nikashindwa kupokea, Pakize ananilisha kwa kijiko.

Baba yako alipotoka kwenda dukani, Pakize akasema ngoja nikusugue miguu ipate joto. Akafunua blanketi. Viatu. Vya safari, vimefungwa kamba.

Akaviangalia. Akaniangalia. Nikaanza kulia, nikamweleza yote, tangu picha ya kwenye simu hadi nyumba ya watoto. Pakize alinyamaza. Mara ya kwanza tangu ahamie jengo hili. Halafu akasema, "Dada Sati, mwongo mkubwa wee. Kijana hana mtu wa kumsemea, na mimi niko hapa chini na mdomo wote huu?"


Jumamosi, 8 Juni

Vumilia mwandiko leo.

Jana usiku mama yako alijaza majina kwenye tiketi. Sati. Rüstem. Gülten. Pakize. Nafasi ya tano nikamwambia aandike Sevil. Hakuuliza. Aliliandika polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Akaikunja tiketi, akampa baba yako, naye akaitia mfukoni bila kusoma.

Kahawa niliipika mwenyewe. Chupa mbili: ya sukari ya wazee, na ya chumvi ya bwana harusi, maana kijana asiyeweza kunywa kahawa ya chumvi bila kukunja uso hatavumilia ndoa. Nikafunga uzi mwekundu kwenye chupa moja nisichanganye.

Immenstadt. Mlango ukafunguka. Ukapanda, umevaa lile gauni la kijani, na Korbinian nyuma yako na maua marefu kuliko yeye, amechana nywele kwa maji kama mtoto wa shule. Baba yako akainuka. Akaenda mlangoni ateremke. Mlango umefungwa, treni imeshaondoka. Akabaki amesimama anatazama nje, mgongo kwetu. Mgongo huo nimeubeba mimi, naujua.

Pakize akasimama. Akarekebisha kitambaa. Akasema bwana Rüstem, mimi nimekuja upande wa kijana. Baba yako, bila kugeuka, akauliza yeye amekuwa upande wa kijana tangu lini. Akajibu tangu Immenstadt! Akasema, "Kijana huyu hana baba, hana mama. Hakuja mtu kwako kwa sababu hakuna mtu. Si dharau, mwanangu, ni uyatima. Leo ana mimi. Basi kwa amri ya Mungu na kwa maneno ya Mtume wake, namwombea Korbinian binti yenu." Jina alilisema vizuri. Mimi mpaka leo linaning'ang'ania kooni. Wajerumani wawili wenye fimbo za kupandia mlima wakaacha kula.

Baba yako akageuka. Akamtazama kijana muda mrefu. Akaja akakaa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Lakini akakaa! Nikakubonyeza: kahawa, haraka.

Ukamimina kwenye finjani, ukazungusha, wazee kwanza. Korbinian akapewa ya mwisho, kutoka chupa yenye uzi mwekundu. Akanywa. Akatabasamu. Akasema ni tamu sana, ahsante.

Tamu?

Nikaonja yangu. Ya Rabi! Uzi ulikuwa wa chupa ya sukari. Sisi wote tumemiminiwa bahari. Pakize macho yamemtoka, lakini hasemi, asije akakuaibisha siku yako. Mama yako anatazama dari. Wewe hujui kitu, umesimama na sinia. Na baba yako, Sevil, baba yako anakunywa. Funda baada ya funda, uso umenyooka, mpaka machicha. Machozi yanamteremka kwenye masharubu, na mimi niliyemzaa siwezi kukuambia ni ya chumvi au ni yake.

Hapo akaingia Alois. Akaniona, akauliza kama tiketi imesharudi kutoka milimani. Baba yako akaitoa, akampa. Alois akasoma kwa sauti, kila jina akitafuta uso. Sati, huyu namjua. Rüstem. Gülten. Pakize, na Pakize akajinyoosha. Akafika mwisho.

"Na Sevil ni nani?"

Wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako. Mama yako amenishika goti, lile bovu. Baba yako akameza mate ya chumvi. Akakohoa. Kikohozi changu kile kile!

"Ni binti yangu," akasema. "Yuko pamoja nasi."

Alois akapiga muhuri. Akamwelekea Korbinian, na huyu je? Kijana akatoa tiketi yake mwenyewe, alishaikata, mtoto wa Kijerumani kweli. Na baba yako akasema, huyo bado. Binti haombwi kwenye treni kama mtu anayeuliza saa. Anayemtaka aje nyumbani kwangu asubuhi ya Idi, agonge mlango, na huyo mama yake wa Immenstadt.

Aje nyumbani! Umesikia? Kauli yake mwenyewe!

Kuhusu milima siwezi kukueleza. Ilikuwepo.


Jumapili, 16 Juni. Idi.

Mligonga. Baba yako alikuwa nyuma ya mlango tangu alfajiri anajifanya anatengeneza bawaba, lakini akahesabu hadi ulipogonga mara ya pili ndipo akafungua. Ukavuka. Mguu wa kulia, niliona.

Pakize alikaa upande wa kijana kama vile amemnyonyesha. Akaomba tena yote kutoka mwanzo, akaongeza na mengine. Baba yako akasema anahitaji kufikiri, akateremka kuangalia gari. Akarudi. Akasema kama Mungu ameandika, sisi ni nani tukatae. Kahawa safari hii alipika mama yako.

Ukanibusu mkono, ukauweka kwenye paji lako. Baba yako akaubusu baada yako, na mkono bado una joto lako. Nilitazama kiti cha babu yako. Naye angesema mandhari ilikuwa nzuri sana.

Jambo moja hukuliona, ulikuwa umeshateremka na mizigo. Baba yako alichukua jagi jikoni, akaja ngazini, akamwaga maji nyuma yenu. Jagi zima. Yamechuruzika hadi zulia la mlangoni kwa Pakize. Amekaa kimya kama mama mkwe.


Jumatano, 19 Juni

Mama yako amenikalisha. Amesema mama, imetosha. Umetoka jasho ndani ya koti, umepotea na sufuria, umetunywesha chumvi. Yangeweza kuharibika kabisa. Niahidi hakuna mipango tena. Ana haki. Nimemwahidi. Nimeapa kwa magoti yangu.

Sasa sikiliza. Alois ni mjane. Pakize ni mjane. Mmoja anakula mkate mkavu, mwingine supu yake inamwagwa kila jioni kwa kukosa mlaji. Mambo ya dini na lugha yatazungumzwa, kwanza wakae karibu. Jumamosi Alois yuko kazini, nimeulizia. Pakize nimemwambia tunakwenda kuona maporomoko ya maji. Tiketi ya watano imeshakatwa, na jina lako limeandikwa.

Kwa hiyo, ukija: panda Immenstadt, nusu ya milimani, behewa la kwanza. Kaa upande wa mlango ili Pakize asipate pa kutokea. Baba yako usimwambie. Na ukinisikia nakohoa, usiniletee maji.